Muulize Fundi Vioo: Yale madirisha ya rangi ya makanisa ya Uingereza

Mwezi uliopita niliandika hapa kuhusu vile vioo vya rangi vilivyo juu ya milango ya nyumba za Mji wa Kale hapa Mombasa, vyekundu na kijani na buluu, vinavyopigwa na jua la asubuhi mpaka sakafu inakuwa kama imetandikwa leso. Mwisho mwisho nikatupia mstari mmoja tu, kwamba ukitaka kuona kazi hio ilipofika mbali basi nenda kaone madirisha ya makanisa ya Uingereza ya wakati wa Malkia Victoria. Mstari mmoja wallahi! Maswali yaliyokuja baada ya hapo nimeshindwa kuyahesabu. Nimechagua machache, mengi yalikuwa yanafanana, na mawili yalikuwa ya kuniomba mkopo, hayo siyajibu hapa.

*Shikamoo fundi. Zile picha za kwenye madirisha ya makanisa ni rangi imepakwa juu ya kioo ama vipi? Na mbona mvua ikinyesha haitoki?*
*Msomaji, Kisauni*

Marahaba mwanangu. Kila mtu yuwadhani imepakwa, hata mimi nilidhani hivo mpaka nikashika kipande mkononi. Ile rangi imo ndani ya kioo chenyewe, imepikwa pamoja nacho, kama bizari kwenye wali wa manjano, huwezi kuitoa tena hata ukiosha wali kwa maji ya bomba. Unayeyusha mchanga na majivu na chokaa kwenye chungu ndani ya tanuri kali mpaka inakuwa kama uji, sasa ukitia kobalti kidogo unapata buluu, ukitia shaba unapata kijani au nyekundu kutegemea umeipika vipi, manganizi inakupa zambarau.

Nyekundu ndo yenye makuu. Ukiifanya unene wa kawaida inatoka nyeusi tii, mwanga haupiti, kwa hivo wanachofanya ni kuchovya kioo cheupe kwenye chungu cha nyekundu kabla ya kukipuliza, afu wakipuliza ile nyekundu inabaki ngozi tu nyembamba juu ya kioo cheupe, kama siagi juu ya mkate. Na hapo fundi mjanja anapata faida nyengine, manake ile ngozi ukiikwangua au ukiilisha asidi unapata nyeupe katikati ya nyekundu, nyota, ua, nembo ya mfalme, bila kukata kipande kipya.

Sasa nyuso na macho na mikunjo ya nguo, hizo ndo zimechorwa kweli, lakini kwa rangi moja tu ya kahawia nzito. Ni kutu ya chuma au ya shaba imechanganywa na unga wa kioo, ikakorogwa kwa maji na gundi ya mti, au siki, afu kioo kinarudi kwenye tanuri nyuzi 600 na kitu mpaka ule unga unayeyuka na kushikana na kioo. Na uchoraji wake ni kinyume na tulivyozoea. Fundi anapaka ile kahawia kioo kizima, anaiacha ikauke, afu anaanza kuitoa kwa brashi ngumu na sindano na kijiti, pale anapotaka mwanga upite. Yaani giza ndo linatangulia na mwanga unachimbwa kutoka ndani yake. Mimi nilipoelewa hapo nilikaa kitako.

Kuna na manjano. Hio inatokana na fedha, fedha hii hii ya pete, inapakwa nyuma ya kioo na kuchomwa, na inazama ndani ya kioo na kuacha rangi ya asali. Walianza kuitumia mapema karne ya 14, na ndo maana malaika mmoja anaweza kuwa na uso mweupe na nywele za dhahabu kwenye kipande kimoja hakijakatwa. Inasemekana hata jina la kazi hii kwa Kiingereza, kioo kilichotiwa doa, limetoka kwa hio fedha. Na mvua, swali lako la mwisho, mvua iko nje, rangi ya kahawia nyingi iko upande wa ndani, na ikichomwa vizuri haiendi popote. Ikichomwa vibaya, hio ni hadithi nyengine, ngoja nitaifikia.

*Mimi ni mwanafunzi hapa Tudor. Mwalimu wetu anasema sanaa hii ni ya zama za kati, wewe unasema ni ya Victoria aliyetawala 1837 mpaka 1901. Nani kati yenu anakosea?*

Hamna anayekosea, mwambie mwalimu nimemsalimia. Kazi yenyewe ni ya zamani sana, makanisa makubwa ya karne ya 12 na 13 yalikuwa nayo, lakini Uingereza ilikuja ikaivunja kwa mikono yake. Karne ya 16 wafalme wao walipogombana na Papa, picha za watakatifu zikaonekana ni ibada ya sanamu, zikapigwa marungu, na karne ya 17 wakaja Wapyuritani, Wakristo wa msimamo mkali wasiotaka mapambo kanisani, wakapiga zile zilizobaki. Ikifika miaka ya 1700 mafundi waliobaki walikuwa wanapaka rangi juu ya kioo cheupe kama mtu anayechora sahani. Ilikuwa inapendeza kidogo lakini haikuwa na nguvu, mwanga ulikuwa unapita kwa shida.

Afu karne ya 19 mambo manne yakaja pamoja. Miji ilifura watu kwa sababu ya viwanda, makanisa mapya yakajengwa na ya zamani yakakarabatiwa kwa maelfu. Fasheni ya ujenzi ikarudi nyuma kwenye matao yenye ncha ya zama za kati, na tao la hivo bila kioo cha rangi ni kama bibi harusi bila hina, aliyelisukuma sana jambo hilo ni mchoraji ramani wa majumba anayeitwa Pugin, mtu wa jazba, alifanya kazi mpaka ikammaliza akafa 1852 ana miaka 40 tu. La tatu ni kodi, na hapa nyinyi mnaolalamika kila bajeti ikisomwa mtacheka. Waingereza walikuwa wanatozwa kodi ya madirisha tangu 1696! Unahesabiwa madirisha ya nyumba yako, na watu wakawa wanayaziba kwa matofali wakae gizani wasilipe. Juu yake kulikuwa na kodi ya kioo chenyewe, kinatozwa kwa uzito. Ya kioo ilifutwa 1845, ya madirisha 1851, na baada ya hapo kioo kikawa bei ya watu.

La nne ni msiba. Mwenye pesa akifiwa, badala ya kuweka jiwe la marumaru ukutani na jina la marehemu, alianza kuweka dirisha, na mumewe malkia, Prince Albert, alipokufa 1861 na malkia akavaa nyeusi mpaka naye anakufa, kuomboleza kwa kioo kukawa ndo adabu ya watu wazima. Ukitazama chini kabisa ya madirisha mengi ya wakati ule utakuta mstari wa maandishi, kwa kumbukumbu ya fulani, na tarehe. Sisi twasoma hitma, wao waliagiza dirisha.

Lakini ntakwambia jambo moja mwalimu hatakwambia. Aliyeirudisha ile rangi ya zamani hakuwa fundi wala padri, alikuwa mwanasheria, anaitwa Charles Winston. Kazi yake mahakamani, mapenzi yake vioo vikuukuu. Akaona vioo vipya vinatoka vyembamba, visafi kupita kiasi, mwanga unapita kama kwenye chupa ya soda na macho hayatulii popote. Akachukua vipande vya zama za kati akavipeleka kwa mwanakemia vikapimwa vimo nini, na miaka ya 1850 kampuni ya James Powell ya Whitefriars pale London ikaanza kupika kioo kwa vipimo hivo, kizito, chenye mapovu na mawimbi, mwanga ukiingia unakwamakwama ndani yake. Ule uchafu ndo ulikuwa uzuri wenyewe. Waliacha kukitengeneza kama mashine, wakarudi kupuliza kwa mdomo, unapuliza mfano wa chupa ndefu, unakata ncha mbili, unaupasua kwa urefu na kuulaza kwenye joto mpaka unafunguka kama mkeka.

*Fundi, hawa watu walikuwa wasanii au kiwanda? Dada yangu yuko Uingereza ananiambia kila kanisa analoingia dirisha ni lile lile, mtakatifu yule yule na ndevu zile zile.*
*Mama wa watoto wanne, Likoni*

Mama, dadako ana macho. Vilikuwa viwanda, na vikubwa. Clayton and Bell wa London walianza 1855, na walipokuwa juu kabisa walikuwa na watu kama 300, na kila mtu na kipande chake, huyu anachora vichwa tu mwaka mzima, yule mikunjo ya nguo, mwengine ile mapambo ya juu yanayofanana na vibanda vya mawe, kijana mwengine hajui kitu ila kukata. Kulikuwa na Heaton, Butler and Bayne, kulikuwa na Lavers and Barraud, kulikuwa na William Wailes huko Newcastle, na Hardman wa Birmingham ambao ukoo wao ulianza na kutengeneza vifungo vya nguo, vifungo mama! afu Pugin akawatia kwenye vyombo vya kanisa na tangu 1845 kwenye vioo. Padri wa kijijini anaandika barua, anataka Mchungaji Mwema, dirisha upana futi hizi na urefu hizi, na wale wanatoa mchoro ulioko kabatini wanaunyoosha au wanaufinya utoshe. Ndevu zile zile kwa hivo si ajabu. Na mimi nasema wazi, mengi ya madirisha hayo yanachosha. Watakatifu wamesimama kama foleni ya benki.

Lakini usiwatupe wote kapu moja. Kuna yule Charles Kempe, alizaliwa 1837 mwaka ule ule Victoria aliposhika kiti. Huyu alitaka kuwa padri, lakini alikuwa na kigugumizi, na padri ni lazima ahubiri, basi akasema kama siwezi kusema ntahudumu kwa njia nyengine, akaenda kujifunza kwa hao Clayton and Bell na baadae akafungua karakana yake. Madirisha yake utayajua mara moja, kijani kibichi cha maji ya bahari na manjano ya fedha kila pahali, nguo zina lulu kwenye upindo, na mabawa ya malaika ni manyoya ya tausi, macho macho yote. Tausi! Mimi mtu wa Pwani nilipoona tausi kwenye dirisha la Waingereza nikasema huyu bwana tungeelewana. Na pembeni ya dirisha anaweka mganda mdogo wa ngano, hio ndo sahihi yake. Alipokufa 1907 jamaa yake Walter Tower akairithi karakana, na kwa kuwa jina lake ni mnara, akabandika mnara mweusi juu ya ule mganda. Kwa hivo ukiona mganda peke yake ni wakati wa bwana mkubwa, ukiona mnara juu yake ni wa baadae, mpaka walipofunga 1934. Mwambie dadako atafute hio alama, ni mchezo mzuri, watoto nao watapenda.

Afu kuna William Morris na rafiki yake Edward Burne-Jones. Hapa naomba ruhusa nirefushe kidogo kwa sababu hawa niliwaona kwa macho yangu.

Mpwa wangu anaishi Birmingham, na mwaka mmoja alinialika nikakae naye mwezi, baridi ya Januari, nimevaa masweta matatu kama kabeji. Siku moja akanishusha mjini, akanambia tembea hapa mjomba mimi nina shifti. Kuna kanisa kuu pale katikati, St Philip's, si la matao yenye ncha, ni la 1715, uwanja wake umejaa njiwa mpaka wenyeji wanauita bustani ya njiwa. Nikaingia kukimbia baridi tu, si kwa jengine. Mbele kabisa kuna madirisha matatu marefu na nyuma yako moja, yote kachora Burne-Jones na kutengeneza kampuni ya Morris. La katikati ni Yesu akipaa, 1885, kulia na kushoto ni kuzaliwa na kusulubiwa, 1887, na la nyuma ni Siku ya Mwisho, 1897. Nje kijivu, mbingu kama sufuria, saa tisa na giza linaingia, na ndani vile vioo vinawaka vyekundu na buluu kama mtu kaweka makaa nyuma yake.

Sasa mimi ni fundi, sikutazama malaika, nilitazama risasi. (Si ya bunduki jamani, ile metali laini nyeusi inayoshika vipande.) Kwenye madirisha ya foleni ya benki niliyokwambia, risasi inapita inapotaka, inakata shingo ya mtu, inapita katikati ya paji la uso, kwa sababu mchoro umetengenezwa kwanza na risasi ikatiwa baadae kwa kulazimisha. Kwa hawa wawili risasi ndo mchoro wenyewe. Mkunjo wa nguo ukishuka, risasi inashuka nao, bawa likipinda inapinda nalo, na mji unaobomoka kwenye Siku ya Mwisho, yale majumba yanapasuka pale pale risasi inapopita. Burne-Jones alikuwa anachora kwa mkaa, na Morris ndiye aliyekuwa akichagua rangi za vioo na kusimamia risasi ipite wapi, na walifanya hivo tangu walipofungua kampuni 1861 mpaka Morris akafa 1896, dirisha la nyuma likamalizika yeye hayupo. Burne-Jones mwenyewe alibatizwa kanisa hilo hilo, alizaliwa mtaa wa jirani tu, akafa 1898.

Inasimuliwa kwamba yule bibi aliyelipia dirisha la kuzaliwa kwa Yesu aliweka sharti, hataki ng'ombe. Hori la ng'ombe bila ng'ombe! Ndo hivo, anayelipa ndo anayechagua, kila fundi anajua. Mimi niliwahi kuambiwa na mteja nimtilie kioo cha kijani chooni afu akanirudisha kwa sababu uso wake kwenye kioo cha kunyolea unaonekana kama wa mgonjwa.

Na usiniambie kiwanda hakina roho. Maonyesho ya London ya 1862 kampuni ya Morris, ina mwaka mmoja tu, ilipeleka madirisha, na mafundi wenzao wakalalamika kwamba hawa wamedanganya, wamechukua vioo vya kale wakavipiga msasa. Hakuna sifa kubwa kuliko hio kwa fundi. Vijana wao wa kazi, wengine, walitolewa kwenye nyumba ya kulelea watoto maskini pale Euston Road, wakafunzwa tangu mwanzo. Na kitu kimoja kilichonifanya nimheshimu Morris zaidi ni kwamba 1877 alianzisha chama cha kulinda majengo ya kale, na baada ya hapo akawa anakataa kutia madirisha mapya kwenye makanisa ya zamani, alikuwa anaona ni kuyaharibu. Kazi ya pesa nyingi hio, anaisukuma. Wangapi kati yetu watakataa kung'oa mlango wa kuchonga wa Mji wa Kale na kutia wa chuma, mteja akija na pesa mkononi?

Mama uliniuliza swali la mstari mmoja na nimekujibu ukurasa. Samahani.

*Je wanawake walikuwemo?* (Hili limetoka Nyali, bila jina.)

Mwanzoni walikuwa wakichora nyumbani zaidi na jina halitajwi. Mwisho wa karne ndo mlango ukafunguka. Mary Lowndes aliingia kazini hasa, 1897 akashirikiana na fundi Alfred Drury, na 1906 wakajenga karakana yao Fulham ambayo msanii yeyote, mke kwa mume, angeweza kukodi chumba na kutumia tanuri na kusimamia dirisha lake mwanzo mpaka mwisho. Wanawake wengi waliotokea baadae walipitia pale.

*Bro mimi ni fundi wa alumini Changamwe, natengeneza milango ya slaidi na maduka. Naweza kutengeneza kitu kama hicho? Nianze vipi?*

Waweza, lakini ondoa kichwani silikoni na drili. Kazi inakwenda hivi. Unapima tundu la dirisha, unachora mchoro mzima kwa ukubwa ule ule wa dirisha kwenye karatasi, na unaweka mistari yote ya risasi. Unanakili mistari hio kwenye karatasi nyengine, na kila kipande unakipa namba na rangi, kwa sababu dirisha kubwa lina vipande mamia na ukichanganya umekwisha. Unakata kioo juu ya mchoro. Wazee wao walikuwa wanakata kwa almasi, siku hizi ni kile kikatio chetu cha kigurudumu cha chuma, unachokijua. Ile pembe ya ndani ya mviringo ndo itakutoa jasho, kioo hakipendi kukatwa kwa kuingia ndani, kitapasuka, usikasirike, kata kingine.

Afu unachora, unachoma, unapanga vipande mezani na kuvifunga kwa risasi. Risasi hio imekaa kama reli mbili zimeegeshwa mgongo kwa mgongo, kioo kinaingia upande huu na chengine upande ule, na kila pahali reli zinapokutana unalehemu, mbele na nyuma. Ukimaliza unapakaza pati laini ya chokaa na mafuta ya kitani, unaisugua kwa brashi iingie chini ya risasi yote, hio ndo inayozuia mvua na ndo inayofanya dirisha likaze, bila hio litacheza kama mkeka. Mwisho vyuma vya kupita, unafunga dirisha kwenye vyuma hivo kwa waya wa shaba usije ukalegea kwa upepo.

Na hapo kwenye chuma ndo nikuonye kama mtu wa Pwani kwa mtu wa Pwani. Wewe wajua chuma na chumvi ya bahari. Chuma kikishika kutu kinavimba, na kikivimba kinapasua jiwe kilipopachikwa na kioo kinafuata. Hata Uingereza, isiyokuwa na chumvi kama yetu, mafundi wanaokarabati wanahangaika na vyuma hivo kila siku. Tumia shaba nyeusi au chuma kisichoshika kutu. Na risasi ni sumu, si utani, usile mezani unapofanyia kazi, nawa mikono kwa sabuni kabla hujamshika mtoto, na unapolehemu fungua madirisha. Anza na kitu kidogo, kioo cha juu ya mlango, vipande kumi. Usianze na malaika.

*Nimeona picha ya dirisha la 1870 hivi, nguo zote zipo, maua yapo, lakini mtakatifu hana uso, kioo kitupu cheupe. Ni wavunja sanamu wamekuja tena?*
*Msomaji, Mikindani*

Hakuna aliyevunja. Nilisema nitaifikia, ndo hii. Ile rangi ya kahawia ya kuchorea inataka joto kubwa ili ishikane na kioo, na joto ni kuni na makaa na muda na hatari ya kioo kuharibika tanurini. Miaka ya 1860 na 1870 ikaingia rangi iliyochanganywa borax, aina ya chumvi nyeupe, inayeyuka kwa joto dogo, kazi inakwenda haraka, inatoka nzuri tu, mteja anafurahi. Tatizo ni kwamba borax inanyonya unyevu, na makanisa yale ni baridi na maji yanatiririka ndani ya vioo kila asubuhi ya kipupwe, basi baada ya miaka michache ile rangi ikaanza kubanduka. Na nyuso ndo zilizoondoka kwanza kuonekana, kwa sababu uso ni kioo cheupe na hauna kitu chengine ila ile rangi. Nguo nyekundu ikipoteza mikunjo bado ni nguo nyekundu. Uso ukipoteza mistari hauna kitu.

Walionaswa si makanjanja peke yao, hata kampuni ya Morris ilinaswa, ikabidi madirisha mengine yarudishwe na kuchorwa upya. Fikiria una dirisha la kumkumbuka babako, umelilipia, na kila Jumapili unamuona yule mtakatifu anafutika kidogo kidogo.

*Wewe si Mwislamu? Mbona wayajua ya makanisa kuliko sisi tunaokwenda?* (Hili wameuliza watu watatu, mmoja kwa hasira kidogo.)

Ni Mwislamu, alhamdulillahi. Nilikuwa kijana nikaitwa kutia vioo kwenye kanisa moja hapa kisiwani, nyani walikuwa wamevunja, au watoto, kila mtu alisema lake, na kwenye dirisha moja nikakuta risasi badala ya pati, sikujua hata naishika vipi, ikanikera mpaka nikaanza kuuliza. Ndo mwanzo. Na wewe mwenye hasira, kanisa lenu la Memorial Cathedral pale Nkrumah Road limefunguliwa 1905 na lina kuba na matao utadhani msikiti, Waingereza wenyewe ndo waliojenga hivo, sasa nikuulize nani alimwazima nani.

*Nimenunua kwenye vitu vya mtumba kidirisha cha rangi kizee, kina risasi, kinaonekana cha Ulaya, mtu mmoja kashika kondoo. Ni kichafu sana. Nikioshe na nini? Kipande kimoja kina ufa.*
*Msomaji, Majengo*

Kwanza usikisimamishe popote bila kukiegemeza kote, risasi ikizeeka miaka mia na kitu inachoka, inalala kama mtu mwenye usingizi, na ukikibeba kwa pembe mbili kitakunjika katikati. Kibebe kimesimama wima, usikilaze mkononi. Lile ufa liache, usitie gundi ya dukani wala usijaribu kukitoa hicho kipande, ufa mmoja haumuui mtu. Usitumie asidi, usitumie dawa ya kusafishia vioo, na usitumie sandipepa, nakujua. Upande wa nje, ule laini usio na mchoro, chukua maji safi kidogo kwenye pamba iliyokamuliwa, sugua polepole kipande kimoja kimoja na kausha hapo hapo. Upande wa ndani, ambako ukipitisha mwanga wa pembeni unaona mistari ya kahawia imeinuka kidogo, tazama kwanza uso wa huyo mwenye kondoo. Kama mistari imeanza kumeguka basi upande huo usiuguse kabisa, hata kwa kitambaa kikavu, hata kwa kidole, niletee nikione na uje nacho kwenye boksi lenye godoro, si kwenye bodaboda.